Supu ya kababu ndogo, majani na tambi (ile ya Kitaliano), mwongozo kamili kuanzia mifupa mpaka bakuli

Watu wengi wakisikia "supu ya harusi" ya Kitaliano wanajua ni chakula cha ukumbini, bibi harusi amekaa mbele na keki pembeni. Sivyo kabisa. Jina lake la kwao ni minestra maritata, yaani supu iliyooana, na wanaooana humo ndani ni majani na nyama, siyo watu. Waitaliano walipohamia Marekani jina likapinda kwenye kutafsiriwa likawa supu ya harusi na limeganda hivyo mpaka leo. Naanza na hili makusudi kwa sababu ukilishika supu itakutokea vizuri, ukiliacha utaishia na kababu zinaelea kwenye maji ya chumvi na majani yamekufa pembeni, hapo hamna ndoa.

Kwao ni Napoli na mkoa wote wa Campania, kusini mwa Italia, wanaipika sana Krismasi na Pasaka. Na ile ya asili haina kababu wala tambi, ina vipande vya nguruwe vya kila aina, mbavu, soseji, mfupa wa paja, ngozi, alafu majani mengi kweli kweli, mengine matamu mengine machungu, scarola, cicoria, kabichi ya majani yenye mikunjo. Watu wa Napoli kabla hawajajulikana dunia nzima kwa tambi walikuwa wanaitwa mangiafoglie, yaani walaji wa majani, hilo la walaji wa makaroni lilikuja baadaye, kwenye karne ya 17. Kababu ndogo na vitambi vidogo vidogo ni mambo yaliyokolea Marekani kwa wale wahamiaji walioingia kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1880 mpaka sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowabania mlango, na leo ukienda Pittsburgh au Youngstown kule Ohio unaikuta kwenye menyu za migahawa ya kawaida tu. Tunayopika hapa ni hiyo ya Marekani, ila kwenye majani mi nafuata akili ya Napoli.

Nakaa Dar, napikia gesi, vitu vyangu nanunua sokoni na buchani, kwa hiyo kila mahali ambapo kitu cha Kitaliano hakipatikani nitakwambia mi naweka nini.

Vitu vya kuandaa (watu 6 washibe)

Supu yenyewe: kuku kilo moja na nusu, siyo lazima minofu wala mapaja, chukua shingo, migongo, mabawa na miguu, maji lita 3 na nusu, kitunguu kikubwa 1, karoti 2, vijiti 2 vya seleri, punje 4 za kitunguu swaumu, pilipili manga nzima kama punje 10.

Kababu: nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, slesi 2 za mkate mweupe zilizotolewa maganda, maziwa theluthi ya kikombe, yai 1, nusu kitunguu, punje 2 za kitunguu swaumu, chizi ya Parmesan iliyokunwa gramu 40, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, pilipili manga ya unga, kungumanga robo kijiko cha chai, na majani ya pasli yaliyokatwa vizuri kiganja kimoja (yanafanana na giligilani ila harufu yake imetulia, usipopata weka giligilani nusu ya hapo).

Mwishoni: majani mafungu mawili makubwa, tambi gramu 150, karoti 2 nyingine za kukata vipande vidogo, mafuta ya kula vijiko 3, chizi nyingine ya kunyunyizia.

Kule Marekani wengi wanachanganya ng'ombe na nguruwe kwenye kababu. Kwetu kwenye nyumba ambazo nguruwe haingii ng'ombe peke yake inatosha kabisa, sharti iwe na mafuta kidogo. Ukienda buchani usiseme tu nisagie steki, maana watakupa ile nyekundu tupu, mwambie achanganye na kimafuta, kwenye kila kilo moja mafuta yafike kama gramu 150 mpaka 200. Nyama kavu ikichemshwa inakuwa kama mpira wa kufutia.

Kwanza, supu

Hapa ndo kwenye kazi na hapa ndo wengi wanapotaka njia ya mkato. Sikatai kabisa vile vichemraba vya supu vya dukani, ila kwenye chakula hiki supu ndo nyumba ambayo majani na nyama wanakutana, ikiwa maji yenye chumvi utaonja maji yenye chumvi. Kwetu bahati nzuri supu tunaijua, mtu aliyekua na supu ya kuku wa kienyeji au ya makongoro asubuhi na chapati hahitaji kufundishwa supu nzito ikoje midomoni, ile inayonatisha kidogo lipsi. Hiyo ndo tunaitafuta, na inatoka kwenye miguu na shingo, siyo kwenye minofu.

Osha kuku, weka kwenye sufuria kubwa na maji ya BARIDI, washa moto wa kati. Ukianza na maji ya moto povu linagawanyika na supu inakuwa na ukungu. Ikikaribia kuchemka utaona povu la kijivu linapanda, kaa hapo hapo na upawa, liondoe, litapanda tena, liondoe tena, kama dakika 10 hivi mpaka liwe jeupe jepesi. Hapo ndo unatia kitunguu ulichokata katikati, karoti, seleri, swaumu na pilipili manga, alafu unapunguza moto mpaka uone vipovu viwili vitatu tu vinapanda kwa zamu. Supu isitokote kwa fujo, ikitokota yale mafuta yanachanganyika na maji, inakuwa nyeupe kama maziwa na mdomoni inakuwa nzito vibaya.

Kuku wa kisasa saa moja na nusu mpaka mbili, wa kienyeji aliyekomaa masaa matatu. Mwenye presha kuka, dakika 45 alafu acha presha itoke yenyewe. Kama una kile kipande kigumu cha ganda la Parmesan usikitupe, kitumbukize humo tangu mwanzo, kinaachia utamu fulani ambao huwezi kuupata kwa chumvi. Chumvi usitie sasa hivi. Chizi ina chumvi, kababu zina chumvi, na supu inaendelea kupungua, ukitia sasa utajuta mwishoni.

Chuja, toa mafuta yaliyoelea juu ila acha kidogo, vile vimacho vya dhahabu vinatakiwa. Ubakiwe na kama lita 2 na nusu, ikipungua ongeza maji ya moto. Minofu iliyobaki kwenye mifupa ichambue, utairudisha mwishoni au wape watoto, mi kwangu haifiki mwishoni.

Kababu

Naziita kababu kwa sababu ndo jina tulilonalo, lakini ondoa kichwani ile kababu ya kukaanga inayokuwa ngumu nje. Hizi ni laini na ni ndogo, kama gololi kubwa ile ya kuchezea. Udogo wake una sababu. Kijiko kimoja kinatakiwa kibebe kababu moja, jani na tambi kadhaa kwa pamoja, ukizifanya kubwa utalazimika kuzikata na kijiko na ndoa yote imevunjika kwenye bakuli.

Vunja vunja slesi ndani ya maziwa, acha dakika 5, ponda kwa uma mpaka iwe uji mzito usio na mabonge. Usiruke hatua hii hata kama unaona mkate kwenye nyama ni ubahili. Wanga wa mkate unashika maziwa na unakaa katikati ya nyama, nyama inapopata moto na kutaka kujikaza haipati nafasi ya kushikana yote. Siyo kuongeza ujazo, ni kulainisha.

Kikune kitunguu kwenye kikunio, kiminye maji yote kwa mkono, tia kwenye ule uji wa mkate pamoja na yai, swaumu iliyopondwa, chizi, pasli, chumvi, pilipili manga na kungumanga. Hii kungumanga Waitaliano wanaiweka sana kwenye nyama na kwenye majani, na sisi tunayo hapo Zanzibar, nunua nzima ukune mwenyewe, ya unga iliyokaa dukani harufu imeshaondoka. Changanya hivyo vyote KABLA ya nyama. Alafu ndo nyama iingie mwisho, na uichanganye kwa ncha za vidole, ukiipanua na kuikunja, mpaka usione tena michirizi ya mkate, basi, acha. Ukikanda kama chapati nyama inanata na kujivuta, ukiitafuna inarudi kama soseji, na hapo mkate wako wote umefanya kazi bure.

Kabla hujaviringisha zote chukua kipande kidogo, kaanga kwenye kikaango dakika mbili, onja. Chumvi ikipungua ni sasa, baadaye hamna namna.

Weka bakuli kwenye friji nusu saa, mchanganyiko unakaza na unaviringishika vizuri. Weka maji kwenye kibakuli pembeni, lowesha viganja, chukua kama kijiko cha chai kilichojaa, viringisha bila kubana. Mkono wako utakwambia: ikiwa sawa inahisi kama shavu la mtoto, ukiigusa inabonyea na inabaki na umbo. Ikilala bapa kwenye sahani imezidi maji, ongeza kijiko cha chenga za mkate. Utapata kama 60. Najua ni nyingi, kaa chini, waite watoto wanawe mikono wakusaidie, nyumbani kwangu hii ndo kazi yao na wanaipenda.

Sasa swali ambalo haliishi, unazikaanga kwanza au unazitumbukiza mbichi? Ukizikaanga zinapata rangi na ladha ya kuchomeka, ila supu inachafuka na mafuta yanatanda juu. Mi natumbukiza mbichi, zinakuwa laini na zenyewe zinaachia ladha ndani ya supu. Kama unataka ile rangi, zipange kwenye trei uzipitishe ovenini moto mkali dakika 10, hiyo ni bora kuliko kuzamisha kwenye mafuta.

Majani

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo upande wa pili wa hii ndoa na ndo unaoonewa kila siku. Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema tia spinachi kiganja kimoja. Kiganja kimoja! Watu walioitwa walaji wa majani hawawezi kupika na kiganja kimoja. Weka majani mpaka uone yamezidi, yakiiva yatasinyaa.

Jambo la pili ni uchungu. Scarola ni jani linalofanana na saladi ila lina uchungu wa mbali, na ule uchungu ndo unakata mafuta ya nyama, bila huo uchungu supu inachosha bakuli likifika nusu. Scarola sokoni kwetu sijawahi kuiona lakini mnavu tunao, Wakenya wanaita managu, na figiri ipo yenye ule ukali kidogo. Kwa hiyo mi nachanganya, fungu moja na nusu la jani tamu na nusu fungu la jani chungu. Spinachi na mnavu ndo mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote. Chainizi na figiri unafuata.

Muda unatofautiana sana na hapo ndo watu wanaharibu kwa kutia yote pamoja. Mchicha dakika 2 tu. Spinachi yetu ya majani mapana dakika 4, ule mkono wake mweupe ukate utangulie dakika 3 mbele. Chainizi dakika 4 au 5. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba inataka dakika 10, na usiogope, supu inaipenda. Mnavu na figiri vichemshe kwanza pembeni kwenye maji mengi yenye chumvi dakika 5, mwaga hayo maji, kamua, katakata, ndo vije kwenye supu. Napoli nako majani yanachemshwa kwanza pembeni kabla ya kukutana na nyama, uchungu unapungua na supu haigeuki rangi.

Osha majani mara tatu, hasa mchicha, mchanga mmoja tu kwenye kijiko unaharibu bakuli zima. Nyanyua majani kutoka kwenye maji, usimwage maji na majani kwa pamoja maana mchanga wote ulioshuka chini unarudi juu.

Yakishaingia kwenye sufuria USIFUNIKE. Majani yakipata moto yanatoa tindikali kidogo, ukifunika ile tindikali inarudi na mvuke na kugeuza kijani kuwa rangi ya majani makavu. Acha wazi, itoke.

Tambi

Ile inayotumika sana Marekani inaitwa acini di pepe, maana yake punje za pilipili manga, ni vitambi vidogo vya mviringo. Ukikuta supamaketi orzo (vitambi vyenye umbo la punje ya mchele) au vile vya umbo la nyota, chukua. Usipokuta, chukua tambi za kawaida zile nyembamba, zifunge ndani ya kitambaa safi, zivunje vunje juu ya ukingo wa meza mpaka ziwe na urefu wa kucha. Kitambaa kinazuia zisiruke jiko zima. Makaroni makubwa hapana, yanajaza kijiko peke yake.

Chemsha PEMBENI. Mara ya kwanza kupika hii supu nilitia tambi zote ndani ya sufuria, jioni ikawa tamu sana, nikaacha iliyobaki mpaka asubuhi, nafungua mfuniko hamna supu, tambi zimenenepa mara tatu na zimekunywa ile supu yote ya masaa matatu. Iliniuma sana kwa sababu ya kazi iliyokuwa humo. Tangu siku hiyo tambi zangu zinachemkia sufuria nyingine, maji yenye chumvi, nazitoa dakika moja kabla hazijaiva, nachuja, nazipaka mafuta kijiko kimoja zisishikane, zinakaa kwenye bakuli lake mpaka muda wa kupakua.

Kuunganisha

Sufuria kubwa, mafuta vijiko viwili, tia karoti za vipande vidogo na kitunguu kidogo ukitaka, moto mdogo, dakika 6 au 7 vilainike bila kuungua. Mimina supu yote. Ikianza kuchemka punguza moto, tumbukiza kababu moja moja ukizisambaza sufuria nzima, usizirundike sehemu moja. Kwa dakika mbili za kwanza usiguse na mwiko, bado hazijashika. Povu kidogo litapanda, litoe. Zitazama, alafu zitaelea zenyewe, zikishaelea hesabu dakika 5 nyingine. Pasua moja, katikati kusiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto cha jikoni iwe imefika nyuzi 71.

Sasa majani, kwa zile dakika zake, yale yanayochelewa yatangulie, na yale ulioyachemsha pembeni yaingie mwisho kabisa yapate moto tu. Onja, ndo saa ya chumvi. Kama ganda la chizi bado limo, litoe.

Kuna wanaomalizia kwa yai, na mi nashauri ujaribu angalau mara moja: piga mayai 2 na chizi vijiko viwili, koroga supu iwe inazunguka, mimina yai kwa uzi mwembamba ukiwa bado unakoroga taratibu, zima moto. Linageuka nyuzi nyuzi laini zinazoshika kwenye majani. Supu haitakuwa angavu tena ila inashibisha zaidi.

Pakua hivi: tambi chini, vijiko viwili vya kulia kwa kila bakuli, alafu upawa wa supu ambao umechota kababu 8 au 10 na majani ya kutosha, chizi juu, pilipili manga. Sahani ya mkate uliochomwa pembeni. Ndimu najua mtaitafuta, hata mi natafuta, kamulia kwenye bakuli lako usikamulie kwenye sufuria, majani yatapoteza rangi. Pilipili mbuzi vivyo hivyo, kila mtu na bakuli lake.

Ikikuharibikia

Kababu zimekuwa ngumu: ama nyama ilikuwa kavu, ama ulikanda, ama supu ilitokota kwa fujo. Mara nyingi ni hilo la tatu. Kababu zimevunjika: zilikuwa na maji mengi, kitunguu hukukamua, au ulikoroga mapema. Supu haina ladha japo chumvi ipo: haikupungua vya kutosha, chuja vitu vyote vikae pembeni uichemshe peke yake dakika 15, alafu virudishe. Chumvi imezidi: ongeza maji ya moto na majani zaidi, ile stori ya kutumbukiza kiazi haitoi chumvi, inanyonya supu tu na chumvi yake.

Kuhifadhi

Iache ipoe, isizidi masaa mawili mezani hasa kwa joto letu, gawa kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, friji siku 3. Friza miezi miwili, lakini bila tambi na bila majani, hayo utatia mapya siku ya kupasha. Kababu mbichi nazo zinafrizika vizuri, zipange kwenye trei zisigusane mpaka zigande ndo uziweke kwenye mfuko, siku ukirudi kazini umechoka unazitumbukiza zikiwa na barafu yake hivyo hivyo, unaongeza dakika 4 kwenye muda wake, unakatia mchicha juu.